Kwapa la Mbayuwayu

Glovu ya Asegelile ilikuwa inashona wakati Ngailo alipoingia, naye akasita mlangoni kama mtu aliyewakuta wenyeji wanakula.

Si kila mtu amezoea kuona glovu tupu ikifanya kazi. Ilikuwa imelala juu ya meza nyeusi, imejaa hewa kana kwamba ndani yake mna mkono wa mtu. Vidole vilikwenda vyenyewe, kidole gumba kikivuta uzi usioonekana, na kwenye skrini iliyokuwa mbele yake wavu wa ndege ulikuwa ukikazwa, tundu baada ya tundu. Mwenye mkono alikuwa amezikwa miezi minane iliyopita, kwao Lwangwa, siku ya mvua, na jeneza liliteleza mara mbili.

“Ingia,” alisema Tusekile, mjane wake, kutoka meza ya pili. “Haing’ati.”

Ngailo akaingia. Alikuwa fundi wa uwanja mdogo wa ndege wa Lupingu, kule chini ya milima, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na alikuwa amesafiri siku mbili kuja Mbeya kwenye karakana hii ya Ushirika wa Washona Wavu. Tusekile akammiminia chai. Ngailo akapiga funda moja, akakitazama kikombe, akakiweka chini taratibu, halafu hakukigusa tena.

Alichokuja nacho hakikuwa kirefu. Tangu Machi, ndege ziitwazo Mbayuwayu zilikuwa zikitoka Mbeya kwenda Lupingu mara nne kwa wiki, bila rubani, viti vinne na sanduku la damu. Kwenye karatasi za kibali imeandikwa kwamba ndege itatua Lupingu ikiwa imebakiwa na asilimia kumi na moja ya chaji. Ngailo ndiye anayechomeka waya ndege ikishatua, na tangu siku ya kwanza hajawahi kuona kumi na moja. Anaona tano. Anaona nne. Aliandika barua. Wenye ndege wakabadilisha betri, zikaja mpya kabisa, bado zina karatasi ya nailoni. Nne. Akaandika tena, akajibiwa kwamba watu wa Lupingu wanaficha samaki wakavu chini ya viti.

“Na mnaficha?” aliuliza Tusekile.

“Kidogo,” alisema Ngailo. “Lakini, mama, samaki wa kilo mbili hawali asilimia saba.”

Tusekile hakucheka, ingawa alijua kwamba hapo ndipo mtu hucheka. Kwa miezi minane mambo yalikuwa yakimfikia hivyo, kama sauti za chumba cha pili. Akamwuliza kwa nini amekuja kwake na si ofisini.

“Mimi si mtu wa namba. Kwetu sisi ni wafinyanzi. Mama yangu akikigonga chungu kwa kidole, anajua kina ufa hata kama hauonekani. Hizi ndege nimezigonga, mama. Zinalia vibaya. Na kwenye karatasi nimeona aliyeshona wavu wake ni mtu wa meza ile.” Akaionyesha glovu kwa kidevu, kwa adabu, kama anayemwonyesha mtu mzima.

Alipokuwa akiondoka ndipo alipotaja kile ambacho mwingine angeanza nacho. Mama yake hupelekwa Mbeya kusafishwa figo, na hurudi na ndege ya Jumanne na ya Ijumaa.

“Mwera unaanza lini?” aliuliza Tusekile. Mwera ni upepo wa kusini wa ziwa lile, unaomkabili usoni kila aendaye Lupingu.

“Siku kumi. Labda pungufu. Hizi ndege hazijawahi kukutana nao.”

*

Siku hizi ndege haijaribiwi angani. Zamani, wanasema, palikuwa na watu waliopanda kwanza kuona kama itaanguka. Sasa inapita kwa namba. Namba yenyewe ni ukinzani, yaani hewa inavyoishika ndege na kuikatalia kwenda. Ukishaujua ukinzani unajua ndege itakula chaji kiasi gani, na betri inapimwa sawasawa na hiyo, pamoja na akiba ile ya asilimia kumi na moja, kwa kuwa kila kilo ya betri ni kilo ya mgonjwa aliyeachwa uwanjani.

Ila hewa haihesabiki ikiwa nzima. Inabidi uikate. Unaizungushia ndege wavu wenye matundu milioni mia, na kompyuta inaliuliza kila tundu: hapo ulipo, hewa inakwenda wapi, kwa kasi gani? Tundu linajibu, linamwambia jirani, jirani anamwambia jirani, mpaka ndege nzima imezungumziwa. Tundu likiwa kubwa mno, au limepinda, linajibu uongo. Si kwa ubaya. Halioni tu. Mashine inaweza kushona sehemu kubwa ya wavu, lakini zile pembe mbaya, pale bawa linapokutana na kiwiliwili, mahali ambapo washonaji wote wanapaita kwapa, zinataka mkono wa mtu.

Tusekile alisubiri glovu imalize zamu yake. Ilimaliza, ikajivuta kushoto, ikalala chali, kama alivyokuwa akiulaza mkono Asegelile akingoja chai. Kisha akaufungua wavu wa Mbayuwayu.

Kuna njia ya kuuhoji wavu, na kila mwanafunzi anafundishwa mwezi wa kwanza. Unashona nyavu tatu: wa matundu makubwa, wa kati, na wa madogo. Unazihesabu zote. Wavu ukiwa mzuri, namba inatulia. Madogo yanasema yaleyale yaliyosemwa na ya kati. Namba ikiendelea kupanda, hujafika. Wavu wa Mbayuwayu, wa kwanza kushonwa na glovu peke yake, haukuwahi kuhojiwa hivyo. Mkono wa fundi aliyeshona nyavu arobaini na moja mfululizo bila kosa hausumbuliwi kwa nyavu tatu. Ndivyo ilivyoandikwa, na hata kama isingeandikwa hakuna mwanachama wa ushirika ambaye angethubutu. Fundi akifa, glovu yake huwekwa juu ya mkeka wa matanga. Siku ya arobaini huamshwa, na kuanzia hapo huitwa Mkono wa fulani. Kuudai Mkono nyavu tatu kulikuwa sawa na kuingia msibani na kuuliza kama marehemu alikuwa akiiba.

Namba ya kibali ilikuwa mia mbili arobaini na moja. Ya kati ikatoka mia mbili hamsini na nane. Akala kitu, hakumbuki nini. Ya tatu ikatoka saa tisa alasiri: mia mbili na sabini.

Haikutulia. Ilikuwa inapanda.

Akalikuza kwapa mpaka likajaa skrini. Kwenye wavu wa kibali hewa ilipita pale laini, imelala, imenyooka. Kwenye wavu wa madogo hewa ileile ilikuwa imejikunja, inazunguka nyuma ya bawa kama maji nyuma ya jiwe, na huo mzunguko ndio uliokuwa ukiivuta ndege nyuma. Matundu makubwa hayakuuona. Na yalikuwa makubwa kwa namna aliyoijua. Mstari ulianza vizuri, ukafika penye kona, ukaruka. Ukaruka tena. Kama mwandiko wa mtu aliyesukumwa kiwiko.

Alikaa akiitazama ile miruko. Alikuwa ameiona mara arobaini na moja.

Mwaka wa mwisho wa Asegelile vidole vilianza kutetemeka. Mshonaji anayetetemeka ananyang’anywa leseni, na Asegelile bila leseni angekuwa mzee wa kukaa barazani, jambo ambalo yeye mwenyewe alilisema mara moja, akicheka, wala hakulirudia. Basi Asegelile akawa anashona mchana karakanani, glovu imevaliwa, kila msogeo wa kidole ukirekodiwa kwa ajili ya siku atakapokufa. Na Tusekile akawa anaamka alfajiri nyumbani, anaufungua wavu uleule kabla haujapelekwa, anafumua kwapa lililorukwa na kulishona upya kwa mkono wake. Halafu anaandika jina la Asegelile. Hawakuwahi kulizungumza. Asubuhi Asegelile aliukuta wavu mzuri, akamwekea mkewe chai mezani, wakaendelea.

Nyavu zilipita zote. Mashine iliyokuwa ikijifunza mkono wake iliona vidole vikiruka penye kwapa, ikaona namba imetoka safi, ikaamini kwamba kuruka ndiko ufundi wenyewe.

Kiraka haikukiona, kwa sababu yeye alihakikisha kwamba hakionekani.

*

Mwenyekiti wa ushirika alikuwa Subilaga, dada wa Asegelile, mwanamke mpana aliyeongea kama anayegawa chakula. Tusekile alimkuta mezani. Akapewa mbalaga, ndizi za kupikwa, akala. Zilikuwa za moto, hilo alilijua kwa ulimi.

Alimweleza yote, pamoja na alfajiri. Subilaga alisikiliza bila kuacha kutafuna. Aliuliza maswali mawili tu, ndege ziko ngapi, na nani mwingine anajua. Ndege tisa. Fundi mmoja wa Lupingu.

Halafu akasema jambo la maana, kwa sababu hakuwa mtu mjinga. Ndege zisisimame. Zikisimama, wagonjwa wa Lupingu watarudi kwenye barabara ya mwendo wa saa kumi na mbili, na katika hao wapo wasioiweza. Waambiwe wenye ndege kwamba ushirika unashauri, kwa ajili ya mwera, kila Mbayuwayu iongezewe betri na ipunguziwe kiti kimoja. Ushauri tu. Hakuna atakayeuliza.

“Na basi la angani?” alisema Tusekile.

Hapo Subilaga akaweka mkono chini. Kazi ambayo glovu ilikuwa ikiishona asubuhi ile Ngailo anaingia ilikuwa wavu wa basi la angani, la watu sitini, la kwenda Songea. Mkono haufundishwi upya. Sheria inasema uliofungwa umefungwa, kwa kuwa ukiurekebisha si mkono wa marehemu tena, ni wa mwingine anayetumia jina lake. Unaachwa ulivyo au unafutwa.

“Tutakuwa tunalikagua kwapa lake,” alisema Subilaga. “Kila wavu. Kabla haujatoka.”

“Nani atakagua?”

“Si wewe? Unaujua mkono wake kuliko mtu yeyote. Asubuhi na mapema, kimya kimya, unashona palipokosewa. Kama mlivyokuwa mkifanya.”

Kama mlivyokuwa mkifanya. Tusekile aliliwaza hilo akiwa na kijiko mkononi. Aliona alfajiri zote zilizobaki za maisha yake, yeye na wavu, na jina la Asegelile chini, na mchana ile glovu ikilala chali upande wa kushoto. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi kulikuwa na kitu alichokitaka, na kilikuwa hicho.

“Ukienda kusema,” Subilaga aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, “watamfuta. Nyavu zake zote zitafunguliwa, hata zile za ujanani, kuangaliwa kama naye alikuwa fundi wa kweli. Utakuwa umemzika kaka yangu mara ya pili, wifi. Na safari hii hakuna atakayekuja na mchele.”

Tusekile akasema atafikiri. Akaosha bakuli lake, akaondoka.

Hakufikiri. Jumatano na Alhamisi alikwenda karakanani, akaketi, akaitazama glovu ikishona basi la watu sitini. Ilipofika penye kwapa iliruka. Alfajiri ya Ijumaa akaamka, akaufungua wavu wa basi, akafumua, akashona, akafika mahali pa jina. Akaliandika jina la Asegelile kama mtu anayefunga kifungo cha shati. Lilikuwa jepesi mno. Alikuwa amesahau kwamba lilikuwa jepesi hivyo siku zote.

Alasiri ujumbe wa Ngailo ukaingia kwenye simu. Uliandikwa: “Mbili. Na leo upepo ulikuwa kidogo tu. Mama amefika.”

Tusekile aliusoma akiwa amesimama. Asilimia mbili ni dakika tatu. Ndege ile ilikuwa imefika kwa dakika tatu, na ndani yake mama wa watu ameketi amelalia dirisha, anaangalia maji. Alifungua tena wavu wa basi. Akalifuta jina.

*

Kwenye fomu ya kukiri kosa hakuna nafasi ya kueleza sababu. Kuna namba ya wavu, tarehe, na jina la aliyeshona. Aliijaza Jumamosi, karakana ikiwa imefungwa. Alianza na wavu wa kwanza wa mwaka ule wa mwisho, na mahali palipoandikwa Asegelile akaongeza, kwapa: Tusekile. Akaenda wa pili. Alijaza mara arobaini na moja. Ya arobaini na mbili ilikuwa ya Mbayuwayu, ambayo hakuigusa, na hapo akaandika kwamba namba ya kibali si sahihi, ukinzani halisi haupungui mia mbili na sabini, ndege zisimamishwe zote leo. Akaituma kwa wenye ndege na kwa mamlaka. Leseni yake akaiambatanisha mwenyewe, waamue wao.

Kisha akampigia Ngailo. Alimwambia kwamba ndege ya Jumanne haitakuwepo, wala ya Ijumaa, na kwamba hajui kwa wiki ngapi.

Ngailo akamwuliza mtu aliyekuwa karibu naye gari la Njombe huondoka lini.

“Basi inabidi mama yangu aondoke kesho,” alisema. “Miguu yake huvimba kwenye gari.”

“Pole, baba.”

“Mimi ndiye niliyekuja kuuliza, mama.”

Jumatatu wakaja wanachama sita, na Subilaga mbele yao amevaa kitenge cha msiba. Kufuta Mkono kuna utaratibu wake. Mrithi anaivaa glovu, na anatia saini kwa mkono wa marehemu mwenyewe, ili isiwe kwamba amefutwa na mtu baki. Tusekile hakuwahi kuivaa. Wengine walimshauri aivae siku ile ya arobaini, kwamba inafariji. Alikataa, na hakujua kwa nini alikataa.

Aliingiza vidole. Ilikuwa kubwa kwake, kisha ikakaza, ikamshika. Wavu wa Mbayuwayu ulikuwa wazi kwenye skrini, na kabla hajafanya lolote glovu ikamvuta. Haikuenda mahali pa saini. Ilikwenda penye kwapa, ikakiendea kile kiungo kwa haraka aliyoijua, haraka ya mtu anayetaka kumaliza kabla hajaonekana, na ilipofika kwenye kona ikaanza kutetemeka. Aliusikia mtetemo ule kwenye mifupa ya vidole vyake, mpaka kwenye kiwiko. Ndio uleule. Alikuwa akiusikia kitandani, mwaka mzima, mkono ule umewekwa ubavuni mwake, naye akijifanya amelala.

Aliuacha uruke mara moja. Ya pili akaushika.

Subilaga alikuwa akivitazama vidole.

“Krismasi ile alimwaga chai yote,” Subilaga alisema mwishowe. “Mezani kwangu. Tukasema ni birika.”

“Ni kweli,” alisema mzee mmoja kutoka nyuma. “Lilikuwa birika bovu.”

“Birika lilikuwa zima,” alisema Subilaga.

Tusekile akauvuta mkono mpaka mahali pa saini. Ulikwenda bila kubisha. Ukaandika jina lake wenyewe, kwa mwandiko wa kabla ya ugonjwa, herufi ndefu, bila mruko hata mmoja. Kisha hewa ikatoka polepole na glovu ikalegea, ikawa ngozi tu juu ya mkono wa mwanamke. Akaivua. Subilaga akaipokea kwa mikono miwili, akaifunga ndani ya kitenge, akatoka nayo bila kumuaga. Wale wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Leseni ilikuwa haijachukuliwa bado. Barua ya mamlaka ilisema itachukuliwa ndani ya siku kumi na nne. Katika siku kumi na nne mtu anaweza kushona kwapa moja vizuri.

Akavaa glovu yake, iliyochakaa kwenye kidole gumba, akalifungua kwapa la Mbayuwayu na kuanza upya kutoka kwenye ngozi ya bawa, matundu madogo, membamba, yaliyobanana kama magamba, akitoka nje taratibu. Alishona siku hiyo na iliyofuata. Jumanne mchana Ngailo akaandika kwamba mwera umefika usiku, mapema, umeezua kibanda cha uwanja, na ndege zote mbili zilizolala Lupingu amezifunga kamba kwenye mawe. Mama amefika hospitali ya Njombe. Hawezi kuvaa viatu. Anamlaani aliyechora barabara yenye kona nyingi namna ile.

Tusekile alihesabu nyavu tatu. Namba ya kwanza, mia mbili sabini na moja. Ya pili, mia mbili sabini na mbili.

Akingojea ya tatu akavuta kikombe chake, kilichokuwa pale tangu asubuhi, akanywa. Akasimama na funda mdomoni. Akakitazama kikombe, kama Ngailo alivyokitazama siku ile.

Haikuwa na sukari. Alifikiria ya jana, na ya juzi. Miezi minane alikuwa akinywa chai hivyo, kwa kuwa aliyekuwa akiitia sukari, kila asubuhi, akiukung’uta mkono unaotetemeka juu ya kikombe, alikuwa mwingine.

Skrini ikaandika mia mbili sabini na mbili. Namba ilikuwa imetulia. Tusekile akainuka kwenda kutafuta sukari, na hakujua inakaa wapi.